Nilinunua hisa zenye P/E ndogo kuliko zote, sasa moja imenigandia mkononi

Shikamoo mama. Mie ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Ubaruku huku Mbarali, nina mashine za kukobolea mpunga, ya kwanza ninayo toka 2016 na ya pili nimenunua mwaka juzi. Jina langu naomba usiliweke maana mume wangu anakusoma na wenzangu wa kikoba wanakusoma, alafu hii habari nzima bado sijamwambia mtu.

Hisa nilianza 2022. Aliyenifundisha ni mtoto wa kaka yangu yuko chuo Dodoma, akaniambia shangazi acha kununua kwa kusikia sikia, kuna kitu kinaitwa P/E, unachukua bei ya hisa sokoni unagawanya kwa faida ya mwaka ya hisa moja, ikitoka namba ndogo hiyo ni bei chee ikitoka kubwa hiyo ni ghali, basi wewe kila mwaka nunua zile zenye namba ndogo kuliko zote, mwaka ukiisha unauza zilizopanda unahamia kwenye zilizo chini, wazungu ndo wanavyofanya miaka yote. Mie nikaipenda kwa sababu ni hesabu, haina maneno mengi. Nikanunua daftari kubwa nikachora mistari, jina la kampuni, bei, faida kwa hisa, P/E. Hesabu zikitoka gazetini nakaa usiku mashine zikishazimwa najaza, na nakwambia mama nilikuwa nafurahi kweli kufanya ile kazi.

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa na milioni 8 na ushee, nyingine ya mavuno nyingine ya kuvunja kikoba. Nikanunua tatu za chini kabisa. Benki ya CRDB hisa 6,000 kwenye 460 hivi. Nyingine ni kampuni ndogo sitaitaja, hiyo imelala tu, haijapanda haijashuka. Ya tatu ndo yenye shida, ni kampuni ya kiwanda, nayo nisiitaje. Bei 1,250, faida kwa hisa 780, P/E 1.6 mama! Nilirudia kugawanya mara tatu nikidhani nimekosea. Nikasema hapa hela yangu inarudi hata miaka miwili haijafika, nikaweka milioni 3 nzima, hisa 2,400.

Mwaka uliofuata wakatangaza hasara. Gawio, ile hela kampuni inayowagawia wenye hisa, hakuna. Dalali ndo akaja kuniambia kwamba ile faida ya 780 walikuwa wameuza maghala na kiwanja, ukitoa hiyo ilikuwa inabaki kama 80 tu kwa hisa. Sasa ubaoni bei inaonyesha 900 lakini wanunuzi hawapo, order yangu ya kuuza imekaa toka mwezi wa tatu. Kwenye daftari pale kwenye P/E sijui hata niandike nini maana hasara haigawanyiki.

CRDB yenyewe imepanda, 2024 ilifunga 670, na hesabu mpya zilipotoka P/E ikawa 3.2 wakati mie nilinunua ikiwa 2.8. Kwa sheria ya daftari siyo ndogo tena so niiuze nihamie kwenye za chini? Mtoto wa kaka anasema ndiyo, fuata sistimu usiingize hisia, na ile ya hasara niongeze maana imeshuka kwa hiyo imekuwa chee zaidi. Mume wangu, ambaye anajua habari ya CRDB tu, anasema hisa ni kamari twende hatifungani za serikali, yaani tuikopeshe serikali kwa riba, tulale. Na kwenye ile milioni 3 kuna laki 9 ya ada ya binti yetu, anaingia form five mwakani.

Nikwambie ukweli usiku silali. Ile mashine ya pili wakati nainunua nilikaa kwa yule baba siku mbili nahesabu magunia yanayoingia, nikaenda na fundi akafungua mpaka injini, nikauliza majirani, sikuibiwa hata shilingi. Sasa kwenye makaratasi nimeliwaje? Hii P/E ni uongo au mie ndo sikuielewa?

Mwenye mashine, Ubaruku

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikasimama pale kwenye magunia. Nitaparudia, lakini kwanza nikupe majibu ya haraka ili leo upate usingizi hata kidogo. Ile ya hasara usiongeze hata senti mpaka ufanye kazi nitakayokutuma chini huku. CRDB usiiuze kwa sababu ya sheria ya daftari. Ila ada ya binti itoke kwenye hisa sasa hivi, na kwa kuwa kule kwingine kumeganda itabidi itoke hukohuko CRDB, kwa bei ya 670 uliyoitaja ni kama hisa 1,400 ukishaweka na makato ya dalali, nyingine ziache. Hela ya shule yenye tarehe haikai sokoni, hata hisa iwe nzuri namna gani, kwa sababu mkuu wa shule hasubiri bei ipande.

Sasa tuongee. Yule baba wa mashine lazima alikutajia anapata shilingi ngapi kwa mwaka, kila muuzaji anataja. Wewe hukuichukua ile namba, ulikaa siku mbili ukihesabu. Na kama ungesikia kwamba kwenye ile faida ya mwaka ameweka na hela ya trekta aliyouza, ungecheka ungemwambia baba hiyo trekta mwakani utaiuza tena? Ungeitoa, ungebaki na hela ya kukoboa na ya pumba, hapo ndo ungegawanya. Kwenye hisa ulikuta mtu kauza trekta, yaani maghala na kiwanja, ukaichukua namba yake nzima kama alivyoiandika. 1,250 ukigawanya kwa 780 ni 1.6, lakini ukigawanya kwa zile 80 za kazi yenyewe ya kiwanda ni 15.6. Ulidhani umenunua hisa ya chini kabisa sokoni kumbe ulinunua mojawapo ya zile ghali. Ufundi wa kununua unao tayari, siku ile uliuacha mashineni.

Na hilo lilikuwa linaonekana. Kwenye gazeti wanaweka kurasa mbili zimebanwa, ila hata hapo kuna mstari wa mapato mengineyo au faida ya kuuza mali, uko katikati juu ya kodi, watu wengi macho yanaruka yanaenda chini kabisa kwenye faida kwa hisa kwa sababu ndo tunayoitafuta. Ripoti kamili ya mwaka ina maelezo nyuma yenye namba namba, pale wanaandika kabisa mwaka huu tumeuza kitu fulani kwa kiasi fulani. Alafu kuna ukurasa wa mtiririko wa fedha, huo ndo mie nauanzia siku hizi, ule unasema hela gani imeingia kwa kufanya kazi na hela gani imeingia kwa kuuza vitu. Faida ikiwa kubwa na fedha ya kazi ni kiduchu, simama hapo.

Kuna mtu wa zamani wa Marekani, Benjamin Graham, alikuwa anafundisha kwamba ukitaka kugawanya bei usitumie faida ya mwaka mmoja, tumia wastani wa miaka mitatu, na usinunue ikizidi mara 15. Kwa soko letu hiyo 15 ni kubwa mno nitakueleza kwa nini, lakini ile miaka mitatu ichukue ilivyo. Ungejumlisha miaka mitatu ya ile kampuni ule mwaka wa maghala ungejitokeza wenyewe kama kilima katikati ya mbuga na ungejiuliza huu umetoka wapi.

Umeuliza kama P/E ni uongo. Hapana, na mtoto wa kaka yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Mwaka 1977 msomi mmoja anaitwa Sanjoy Basu alichapisha utafiti wake juu ya soko la New York kuanzia 1957 mpaka 1971, akapanga makampuni kwa P/E akayagawa mafungu matano, kila mwaka anapanga upya. Fungu la chini lilitoa wastani wa kama asilimia 16 kwa mwaka, fungu la juu kama 9. Kwa hiyo ni kweli ilifanya kazi. Lakini kila fungu lilikuwa na makampuni mengi sana, na ndani ya lile fungu la chini kulikuwa na mabovu kama hilo lako, mengine yakafa kabisa, ila yale yaliyoonewa bure na soko yakabeba mzigo wa yaliyooza. Aliyenunua fungu zima hakuhitaji kujua lipi ni lipi. Wewe umechukua matatu. DSE, soko letu la hisa la Dar es Salaam, zima makampuni yaliyoorodheshwa hayafiki 30, na humo mengine ni ya Kenya yamekuja kujiandikisha kwetu kama KCB na EABL na mengine hayauzwi wiki nzima, ukiondoa hayo huwezi kupata fungu la kubebana. Kwa soko dogo namna hii namba ndogo kwenye daftari inakuonyesha mlango wa kwenda kugonga, na ukifika lazima ukae zile siku mbili uhesabu magunia. Mtu anayekwambia fuata sistimu usiulize, mwambie sistimu hiyo ilijengwa kwa makampuni mamia na wewe unayo matatu.

Kuna sentensi yako moja imeniuma, ile ya kwamba hela inarudi ndani ya miaka miwili. Watu wengi wanaisoma P/E hivo na ndo inawaumiza. Faida ya kampuni haiji mfukoni kwako mwanangu, inayokuja ni gawio. Tuchukue hiyo CRDB yako kwa sababu hesabu zake zinajulikana. Faida ya 2023 ilikuwa kama bilioni 424, hisa zote ni kama bilioni 2.61, ukigawanya kila hisa ilipata kama 162. Bei 460, ndo ile 2.8 yako. Lakini gawio la mwaka ule lilikuwa shilingi 50. Hisa zako 6,000 zilikupa laki 3, serikali ikachukua asilimia 5 yake, ukaingiziwa 285,000. Zile 112 nyingine za kila hisa zimebaki benki, na wewe unategemea wazifanyie kazi vizuri. Wakizifanyia kazi hisa inakua. Wakizikopesha kwa watu wasiolipa zimekwenda.

Na walizifanyia kazi. Faida ya 2024 ilikuwa kama bilioni 551, kila hisa 211. Sasa angalia vizuri hapa maana ndo jibu la kuuza au kutouza. Kama soko lingeendelea kulipa mara 2.8 ileile, bei ingekuwa karibu 600. Imefika 670. Maana yake katika zile 210 ulizopanda, kama 140 zimeletwa na benki kupata faida zaidi na kama 70 tu zimeletwa na watu kukubali kulipa P/E kubwa kidogo. Daftari lako linasema hisa imekuwa ghali kutoka 2.8 mpaka 3.2, wakati kilichotokea zaidi ni kwamba mashine inakoboa magunia mengi kuliko mwaka juzi. Uuze mashine inayoongeza magunia ununue nyingine kwa sababu bei yake iko chini? Alafu kila ukiuza na kununua dalali na soko na wenzao wanachukua zaidi ya asilimia 2 kwa kuuza na zaidi ya asilimia 2 kwa kununua, ukihamahama kila mwaka unawalisha wao kwanza.

Lakini nisikufanye uipende hiyo benki mpaka ufumbe macho. Benki hiyohiyo faida yake ya 2015 ilikuwa kama bilioni 128, 2017 ikabaki kama bilioni 36, gawio likatoka shilingi 17 likafika 5, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, ilikuwa imewakaba. Bei ikaenda ikashuka mpaka chini ya ile 150 waliyonunulia watu kwenye IPO ya 2009, benki ilipouza hisa kwa umma mara ya kwanza. Mtu aliyekuwa anagawanya bei mpya kwa faida ya zamani aliona kila siku hisa inazidi kuwa chee, akaongeza, akaongeza tena, kumbe faida ndo ilikuwa inashuka mbio kuliko bei. Waliovumilia wakaja kufurahi baadaye sana, lakini ni miaka ya kukaa umeshika tama. Kwa hiyo kwenye benki ongeza kwenye daftari sehemu ya mikopo chechefu kwa asilimia, wanaitoa kila robo mwaka, na uandike ya mwaka jana pembeni yake. Ikianza kupanda mara mbili mfululizo, hapo P/E ndogo usiiamini. Na weka sehemu ya mtaji wa wanahisa, yaani mali zote ukitoa madeni, ukigawanya kwa idadi ya hisa, ulinganishe na bei, hiyo wanaiita P/B, kwenye benki mie naiamini kuliko P/E kwa sababu mtaji hauruki ruki kama faida ya mwaka mmoja.

Viwanda na makampuni yenye madeni ni habari nyingine. Fikiria mashine mbili zinauzwa, kila mmoja anataka milioni 10 umpe, ila moja ina mkopo wa milioni 12 ambao unaurithi. Hizo bei sio sawa hata kidogo. P/E deni hailioni vizuri, ndo maana wenye kazi hii wanatumia pia EV/EBITDA, unachukua thamani ya hisa zote unajumlisha madeni unatoa fedha iliyopo benki, alafu unagawanya kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Ni nzuri, ila nayo ina tundu, inajifanya uchakavu sio gharama. Wewe unajua raba za kukobolea na mikanda zinavyokula hela kila msimu, mtu akikupa faida ya mashine bila kutoa raba utamkubalia?

Na pale kwenye hasara andika hasara, basi. Usiandike sifuri na usiache wazi. Vodacom Tanzania wameuza hisa kwa 850 mwaka 2017, mwaka wao ulioishia Machi 2021 wakapata hasara, laini nyingi zilikuwa zimefungwa kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, na mwaka huo wa 2021 zikaja tena tozo za miamala ya simu. P/E haikuwepo kabisa, na ilibidi mtu asome biashara yenyewe, wateja wangapi, miamala inakwendaje. Kampuni yenye hasara inaweza kuwa nzuri na inaweza kuwa imekufa, P/E haitakuambia lolote hapo, ndo maana nashangaa kijana anakwambia uongeze kwa sababu imekuwa chee zaidi. Chee kwa kipimo gani wakati kipimo chenyewe hakipo?

Mume wako tumsikilize, ana hoja kubwa kuliko anavyojua. Hatifungani ya miaka 20 mpaka 2022 ilikuwa na kuponi, yaani riba yake ya mwaka, ya asilimia 15.49, mwaka huo BoT, Benki Kuu, wakaishusha ikawa 12.10, na kuponi hubadilika kwa kila toleo jipya kwa hiyo uliza ya sasa. Kwa kuponi hiyo ya 12.10 shilingi 100 yako inaleta 12.10 kila mwaka, ukigawanya 100 kwa 12.10 unapata 8 na kidogo. Hiyo ndo ilikuwa P/E ya serikali kama ukitaka kuiita hivo, na kuponi yake haikatwi kodi na inaingia mfukoni yote, wala haibaki kwa mtu kama zile 112. Ndo sababu nilisema 15 ya Graham kwetu ni kubwa, kwa nini nilipe mara 15 kwa kampuni ya kukisia wakati serikali iliniuzia kwa 8 na inalipa mara mbili kwa mwaka? Gawio la CRDB kwa bei uliyonunulia lilikuwa kama asilimia 10 ukishakatwa, hatifungani ile ya 12.10 ilikuwa 12, kwa hiyo kwa hela ya mkononi tu mume wako ameshinda. Wewe unashinda pale tu ambapo zile zilizobaki zinakua, gawio la 2024 limefika 65, hapo ndo hisa inampita mwenye hatifungani. Kwa hiyo msigombane. Mnunulie hatifungani zake, zinaanzia milioni 1, na wewe ubaki na hisa chache unazozijua mpaka ndani.

Ila mwambie. Najua umeniandikia kwa siri na sitalazimisha, lakini milioni 3 iliyoganda ni nzito kuibeba mwenyewe, na kuna ada ya mtoto wenu ndani yake. Mpe daftari alione, aone kazi uliyokuwa unaifanya usiku. Mtu aliyekaa na wewe tangu mashine ya kwanza atakasirika siku mbili alafu mtakaa mpange. Akija kulijua kwa dalali au kwa mtoto wa kaka yako itakuwa kesi nyingine.

Sasa kazi yako kwa ile kampuni. 900 ya ubaoni usiihesabu kama hela, hiyo ni bei ya mtu wa mwisho aliyeuza na kununua, inawezekana ni miezi iliyopita na hisa mia tu. Mpigie dalali umuulize wanunuzi waliopo kwenye order wameweka bei gani na wanataka ngapi, hiyo ndo bei yako ya kweli leo. Kama hakuna hata mmoja ujue hivyo pia. Usiweke hisa 2,400 zote kwa mpigo, weka mia mbili, mia tatu, kwa bei unayoikubali, uache zikae. Na kuanzia sasa kwenye daftari weka sehemu ya hisa zilizouzwa kwa mwezi, kampuni ambayo hisa zako peke yako ni nyingi kuliko zinazouzwa mwezi mzima usiiingie kwa milioni 3, hata P/E iwe nusu.

Lakini kabla hujashusha bei ili utoke, kuna kitu kimoja hakuna aliyekuuliza, si dalali wala kijana. Kampuni iliuza maghala na kiwanja, ikaingiza kama shilingi 700 kwa kila hisa. Hizo hela ziko wapi? Kama bado ziko benki kwao, basi kila hisa yako ya 900 ina karibu 700 taslimu ndani yake na ni ujinga kuitupa kwa 500 kwa mtu anayejua. Kama zimelipa mkopo, riba ya mwaka ujao itapungua na ile hasara inaweza isijirudie, hapo unaweza kusubiri hesabu za nusu mwaka. Kama zimeliwa na hasara yenyewe, mishahara na madeni ya wasambazaji, basi kiwanda kimekula nyumba yake na wewe toka kwa bei yoyote ya maana utakayopata, hiyo iliyobaki ikaanze upya mahali pengine.

Wewe ni mwanahisa, una haki ya ripoti kamili ya mwaka, mwombe dalali au waandikie kampuni wenyewe. Ikifika usianzie mbele kwenye picha za bodi, nenda kwenye mtiririko wa fedha, tafuta mstari wa mauzo ya mali, fuata chini mpaka kwenye malipo ya mikopo, alafu angalia fedha iliyobaki mwisho wa mwaka. Nipigie picha ukurasa huo uniletee na bei alizokutajia dalali, tutaupitia pamoja.